Waliomfukuza Ndio Waliomzika

Bibi aliyenilea alifukuzwa na wanawe wa kuwazaa mwenyewe, na mimi wakati huo nilikuwa na chumba kitupu Mbeya. Naanza na hilo, asije mtu akadhani nimekaa kuwalaumu wengine.

Kijiji chetu kiko ndani, ukiiacha barabara kuu pale Nyololo. Baba yangu alikufa nikiwa mdogo, mama akaolewa kwingine, bibi akanichukua. Alinisomesha kwa viazi na kwa ulanzi, pombe ya mianzi, aliougema mwenyewe. Babu alipofariki aliacha shamba la miti iliyokaribia kuvunwa, na bibi akakataa isiuzwe. Mwaka huohuo mtoto wa baba mdogo akafa kwa homa. Macho ya bibi yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni wa maisha yake yote. Hayo macho yakawa ushahidi wa uchawi.

Baba mdogo alipanda juu ya nyumba ya bibi na kung'oa mabati kwa mkono wake, mvua za Januari zikinyesha. Bibi alilala siku mbili jikoni kwa mwinjilisti. Ndipo mwinjilisti akampeleka Iringa, kwenye nyumba ambayo kanisa linawatunza wajane wazee waliokataliwa kwao.

Nilipopata habari nilimwambia mume wangu tumchukue. Akasema, "Mama watoto, mimi siamini uchawi. Lakini tuna watoto wadogo."

Sikubishana. Nilijiambia kule atatunzwa vizuri kuliko kwangu. Na kweli alitunzwa.

Nilipokwenda kumwona mara ya kwanza nilimkuta ameketi juani, Sista mlezi wa nyumba ile amechuchumaa mbele yake anamkata kucha za miguu. Kucha ngumu, za mtu aliyetembea peku miaka mingi. Mimi sikuwahi kumkata hata moja.

"Kamwene, Bibi."

"Kamwene." Akaniangalia. "Umekuja kunichukua?"

"Nimekuja kukusalimia, Bibi."

Aliuvuta mguu uliokwisha, akanyoosha wa pili. "Haya Sista, malizia na huu."

Hakuniuliza tena. Kwa miaka minne nilikwenda mara tatu, na sukari na sabuni, kama mtu anayemtembelea mgonjwa wa jirani. Mara ya mwisho alinishika mkono mbele ya Sista akasema, "Nikifa nizikeni hapa, pamoja na wenzangu. Kule nyumbani msinirudishe. Umesikia?"

Nikasema nimesikia.

Alikufa asubuhi, baada ya kunywa uji. Nilipofika Iringa, baba mdogo alikuwa ameshatangulia na Fuso, jeneza la kung'aa, na akina mama wa ukoo wamevaa vitenge vya sare. Sista alisimama mlangoni.

"Marehemu aliomba azikwe hapa," alisema.

"Sista, mnatuaibisha," baba mdogo akajibu. "Mama ana watoto."

"Alikuwa nao siku zote, baba."

Halafu Sista akanigeukia. "Wewe ulimsikia. Sema."

Wote waliniangalia. Baba mdogo ndiye aliyepokea mahari yangu. Nikatazama chini, nikasema, "Wazee wa ukoo ndio wanaoamua, Sista."

Sista akasogea kando ya mlango, wakaingia wakambeba.

Msibani kule kijijini ilisomwa historia ya marehemu: mcha Mungu, mama wa wote, aliyetunzwa na wanawe hadi pumzi ya mwisho. Watu waliokuwa wakikwepa kupishana naye njiani walisukumana kutupa udongo kaburini. Sista na wajane wawili aliokuja nao walikaa nyuma kabisa, karibu na zizi, na hakuna aliyewatambulisha. Baba mdogo alilia sana. Sijui kama alikuwa anaigiza. Mpaka leo sijui, na ingekuwa rahisi kwangu kama ningejua.

Baada ya chakula Sista alikabidhi furushi la marehemu: kanga mbili, kitabu cha nyimbo, na sweta la kijani lililofumwa na mmoja wa wale wajane. Shangazi zangu walirudi nyuma. "Vichomwe," mmoja akasema. Jeneza walikuwa wamelikumbatia, lakini sweta liliwatisha.

Nikalichukua furushi. Mjane mmoja, aliyekuwa jirani wa kitanda cha bibi, akaniambia taratibu, "Alikuwa akituambia una kazi nyingi." Hakusema kwa ubaya. Afadhali angenitukana.

Nilipofika Mbeya mume wangu alilitazama furushi mlangoni. "Hizo nguo zisiingie ndani," alisema.

Nililivaa lile sweta palepale barazani, nikampita nikaingia. Lilikuwa linanibana mabegani. Lakini wakati huo bibi hakuwa na haja tena ya mtu wa kumtetea.