Bwana Dawa na Maji ya Jahla

Enzi zetu mwaka ulijulikana kwa chungu. Huu ninaousema ni ule ambao nazi hazikufika huku Ibra, Omani, hata moja, tukala wali mkavu na papa wa Sur mchana na usiku, mpaka mito ya kulalia ikanuka papa. Mama, katoka Unguja juzi tu, akiitazama sahani yake kama kaletewa taarifa ya msiba. Sisi watoto tunajali nini? Tukishiba, mbio mpaka kwenye falaji, tukacheza mdako kwa vijiwe vya mferejini hadi vidole vikaota sugu.

Zahanati ya mtaani kwetu ilikuwa na Mhindi mtoa dawa, jina lake Nabin, sisi tukimwita Bwana Dawa. Mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi. Kwao Odisha, na kabla ya Ibra alifanya kazi Tanga, huko ndiko alikookota Kiswahili. Pale mtaani nyumba inayokisema ni yetu peke yake, basi kila Alkhamisi huyo, kala tende, kanywa kahawa, katoa karatasi. Akiandika mambo ya sayansi kwa watoto wa kwao, kwa lugha yao, herufi za duara kama vitumbua siniani. Lakini kwanza hunisimulia mimi kwa Kiswahili. Nikifahamu, hutia bahashani. Nisipofahamu, huchana. Mimi, niliyesoma skuli miaka mitatu!

Siku moja kaja na habari ya jahla, mtungi wetu wa udongo uliotundikwa uani upoze maji. Gari ya Maskati inayochukua barua inaondoka saa ile ile, na mhariri wa gazeti la kwao keshamwandikia: hii ikichelewa, nafasi anapewa mwengine. Bwana Dawa kasimulia, mtungi unatoka jasho, joto linapanda, linajificha, sijui linakwenda wapi.

"Umefahamu, binti?"

"Bado. Mtungi una homa hata utoke jasho?"

Mama akapiga kelele jikoni: "Mtoto we, huna haya! Mkubwa akikuuliza, itikia!"

Honi inalia nje. Bwana Dawa kanitazama, kaitazama karatasi, kaichana. Gari ikenda zake. Nikajua nimemkosesha riziki yake, machozi yakanijaa.

Mara akachovya kidole jahlani, akanipaka maji mkononi, akapuliza. Baridi hiyo! "Maji yakikauka huchukua joto lako," akasema. "Mtungi nao hivyo hivyo." Nilicheka mpaka nikagaragara. Akaandika upya pale pale, safari hii na mtoto aliyepakwa maji mkononi, ikenda na gari ya wiki ya pili. Mhariri aliipenda, akaitafutia nafasi. Nasikia watoto wa kwao walishinda wakipulizana mikono. Toka hapo hakushikika: alirudi Odisha, akaandika magazetini, akasema redioni, vitabu juu ya vitabu, mpaka Mungu alipomchukua.

Wajukuu zangu leo simu inawajibu kabla hawajamaliza kuuliza. Wanaitikia "eeh", wanapita. Maji ya friji, jibu la simu, na hakuna anayekaa nao akawauliza kama limewaingia. Mimi nilikuwa na mtu mzima na miwani yake, aliyekubali gari imwache kwa ajili ya kichwa changu. Nawahurumia, wallahi.

Sasa binti wa Bwana Dawa anatengeneza kitabu cha maisha ya baba yake, anataka nami niwemo. Kamwandikia mjukuu wangu Thuraya, aliye chuo kikuu Nizwa. Juzi Thuraya kaja, kanipa shikamoo, kanikalia ubavuni na simu yake.

"Bibi, nimeandika kuwa wewe ulifahamu mara ya kwanza tu. Mtoto hodari, mashaallah."

"Futa. Sikufahamu, na sisemi nilifahamu."

"Bibi jamani! Kitabu kinasomwa na watu. Watakuona mjinga, na mimi mjukuu wako nasoma chuo kikuu!"

"Sikufahamu, na sisemi nilifahamu."