Rukia na Orodha ya Vijana

Sisi tuliokulia Al Nahda, Dubai, kabla ya kila mtoto kumiliki simu yake, Ijumaa tuliijua kwa pua. Biriani ya Mama ilianza kunukia tangu saa nne asubuhi, ikachanganyika na udi wa Ami Haroub na dawa ya viatu ya Anko Kimani, na harufu zote tatu zikajazana ukumbini kama wageni waliofika mapema. Najua wapo watakaonicheka, msichana wa miaka ishirini na kitu kuanza kusimulia habari za zamani. Wacheke tu. Aliyekulia nyumba ya kugawana anajua kuwa miaka kumi ya kule ni mingi.

Nyumba yetu ilikuwa ghorofa ya saba. Chumba kimoja tulikuwa sisi wanne, Baba, Mama, mimi na mdogo wangu Rukia. Cha pili alikuwamo Anko Kimani, mlinzi kutoka Nakuru, mtu wa kanisa na wa kunyoosha mashati. Nusu ya ukumbi, nyuma ya pazia la kijani, ilikuwa ya Ami Haroub, Mzanzibari aliyeuza manukato dukani Deira. Baba alifanya kazi ghala moja kule Dubai Investments Park, na Mama alipika kwa madamu mmoja wa Australia.

Huyo madamu ndiye aliyetuletea ule ugonjwa wa mpira. Siku moja alimpa Mama king'amuzi cha zamani, skafu ya buluu na nyeupe, na mpira wenye umbo la yai. Mpira ule tuliupeleka uwanja wa mchanga wa kuegeshea magari, ukawa unadunda kama una akili zake. Unaufuata kulia, wenyewe unakwenda kushoto. Baba na wenzake walianza kutazama mechi za huko kwa kucheka, wakaishia kutazama kwa kupiga kelele. Saa nane kasoro ya Ijumaa, watu wametoka msikitini, sinia limewekwa chini, na huko Australia usiku umeingia na taa za uwanja zimewashwa. Klabu ya madamu ikawa klabu yetu. Ilikuwa ikifungwa sana, na nadhani ndiyo sababu tuliipenda.

Kwa kuwa ilifungwa sana, siku yetu kubwa haikuwa ya mechi. Ilikuwa ya uteuzi. Ligi ile klabu hazinunui vijana. Kila Novemba hutolewa orodha ya chipukizi wa miaka kumi na minane, na klabu huchagua kwa zamu, iliyoshika mkia ikianza. Madamu alimpa Mama jarida lenye picha zao, na wiki nzima watu wazima watatu walilala kifudifudi juu ya zulia wakibishana kuhusu watoto wasiowahi kuwaona.

"Mtazameni magoti," Baba alikuwa akisema. "Sura haikimbii."

Nilikuwa na miaka tisa, Rukia mitano, mwaka aliposema mara ya kwanza. Baba alimtaka kijana mrefu mwenye nywele za mawimbi. Anko Kimani alimtaka mfupi mnene. Rukia alikuwa katikati yao akichora pembeni mwa jarida, akaweka kidole juu ya yule mrefu.

"Huyu mguu wake unalia," alisema.

Wote walicheka. Klabu ikamchukua yule mrefu. Mechi yake ya pili tuliitazama pamoja. Alikuwa akikimbia peke yake, hakuna mtu karibu naye, akakaa chini kwenye nyasi, taratibu, ameshika goti, kama mtu aliyekumbuka kitu. Ami Haroub akapunguza sauti ya televisheni bila kuambiwa. Baba alimtazama Rukia. Yeye alikuwa akila.

Mwaka uliofuata alichagua kijana wa ukurasa wa mwisho, picha ndogo, amefumba macho. "Huyu anafurahi," alisema. Klabu ilimchukua karibu na mwisho kabisa, na ilipofika katikati ya msimu alikuwa akicheza kila wiki, na madamu akawa anamsifia kwa Mama kila asubuhi.

Hapo ndipo ubishi ulipokufa nyumbani kwetu. Novemba ya tatu watu wazima walipiga magoti kuzunguka zulia, wamemnunulia Rukia juisi ya embe. Ilikuwa mchana mweupe, jua limejaa dirishani. Kiyoyozi kilivuma. Kidole cha mtoto wa miaka saba kilitembea juu ya nyuso za vijana wa watu, mmoja baada ya mwingine, na kila uso ulipopita nilimsikia Anko Kimani akitoa pumzi.

Kidole kikasimama. Rukia akakiondoa haraka, kama aliyegusa sufuria ya moto, kisha akalifunga jarida.

"Huyu hayupo."

"Hayupo kwenye timu yetu?" Anko Kimani aliuliza.

"Hayupo."

Baba na Ami Haroub waliondoka kwenda kuswali. Uteuzi ulikuwa saa sita mchana kwa saa zetu, wakati ule ule wa swala ya Ijumaa, kwa hiyo kazi ya kufuatilia kwenye mtandao na kuandika majina ilikuwa ya Anko Kimani. Barabara ya chini ilikuwa tupu, hata paka hakuonekana. Mama alikuwa jikoni. Zamu ya klabu yetu ilipofika na jina likatokea, Anko Kimani alikuwa ameshika kalamu, lakini hakuandika. Baba aliporudi akauliza, aligeuza tu kompyuta amwonyeshe. Alikuwa yule yule.

Wiki tatu baadaye Mama alirudi kutoka kazini akaingia hadi ukumbini na viatu vyake. Alisema madamu ameshinda akilia. Yule kijana alikwenda kuogelea na marafiki karibu na kwao, bahari ikamchukua, na hakuwa amevaa jezi yetu hata mara moja.

Mama aliyakusanya majarida yote ya miaka yote, akayatia kwenye mfuko wa plastiki, akateremka nayo mwenyewe hadi kwenye pipa kubwa la taka. Aliporudi alisimama mbele ya wanaume watatu. "Mtoto huyu si televisheni," alisema. "Atakayemuuliza tena kuhusu mtu yeyote, mimi na wanangu tunahama. Khalas, imekwisha."

Walitii. Isipokuwa siku moja.

Ilikuwa alasiri, tumetoka shule, wakubwa wote kazini isipokuwa Anko Kimani aliyekuwa na mapumziko. Alibisha mlango wa chumba chetu ingawa ulikuwa wazi. Mkononi alikuwa na picha ya pasipoti ya mwanawe. Alikuwa akimtafutia kazi ya ulinzi ili aje Dubai.

"Sitaki mambo mengi," aliniambia mimi, siyo Rukia. "Nataka tu kujua kama nimlete. Mamake akinipa mtoto, nami nimlete huku apatwe na jambo, nitamwambia nini?"

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na nilijua sheria ya Mama. Lakini alikuwa ameishika ile picha kwa mikono miwili, na sikuwahi kuombwa ruhusa na mtu mzima. Nikasogea pembeni. Hilo kosa ni langu.

Rukia aliitazama muda mrefu. "Ana viatu vipya," alisema.

Picha ilionyesha kichwa na mabega tu. Anko Kimani alicheka, akajifuta macho, akamshukuru kama anavyoshukuriwa mtu mzima. Alipokwisha kutoka, Rukia alinivuta kanzu.

"Dada, atalala kitanda cha Anko. Anko hayupo."

Nililibeba neno hilo miezi mitano. Kila asubuhi nilitega sikio ukutani kumsikia akikohoa, na asipokohoa nilikwenda kumgongea nimuulize ana sukari. Nilimsubiri kwenye lifti. Kampuni yake ilipowapeleka walinzi ufukweni siku ya sikukuu, nilimwambia Baba naumwa tumbo vibaya, na kwa kuwa Baba alikuwa na zamu, Anko Kimani ndiye aliyebaki kunipeleka kliniki. "Huyu msichana ameanza kuwa na adabu," alimwambia Mama. Nami kila nilipomtazama niliona uso kwenye karatasi, na kidole kikipita.

Mwezi wa sita, sinia likiwa chini, alitueleza akiwa ameinamisha kichwa. Kampuni yake imepoteza lile jengo walilokuwa wakililinda. Viza yake haitafanywa upya. Ana wiki mbili za kufunga virago arudi Nakuru.

Nilianza kucheka. Nilijaribu kuacha nikashindwa, kisha kicheko kikageuka kilio, na wali ukanitoka mdomoni mbele ya watu. Mama alinivuta jikoni akafunga mlango, na huko nikamweleza yote, tangu picha hadi kitanda. Nilingoja kofi. Alifungua bomba la sinki.

"Na umebeba haya peke yako?" aliuliza. Kisha akaniosha uso kwa mkono wake.

Mwezi wa nane mwanawe Anko Kimani aliwasili kwa kampuni nyingine. Viatu vyake vilikuwa vipya, bado vina karatasi ndani, na aliuliza kwa adabu kitanda chake ni kipi. Baba yake yu hai mpaka leo, anafuga ng'ombe, na kila Idi hunitumia ujumbe wa sauti mrefu kuliko hotuba. Rukia aliacha kusema mambo hayo akiwa na miaka minane, bila kuambiwa. Sasa ni mtu mzima, anafanya kazi ofisi moja huko Silicon Oasis. Nilimuuliza mara moja tu. "Nilikuwa mtoto, nilisema vitu," alijibu, akabadilisha mazungumzo. Sikumuuliza tena.

Siku hizi Novemba ikifika nawatazama wadogo zangu wa ukoo, kila mmoja na simu yake. Wana takwimu za mbio za kila kijana, urefu wa kuruka kwake, hata historia ya magoti yake. Wakianza kubishana, mmoja anatafuta jibu, na ubishi umekwisha kabla chai haijapoa. Intaneti ikikatika wanatazamana kama watu waliokwama kwenye lifti.

Wanadhani nawaonea wivu kwa kuwa na majibu. Ninaloikumbukia nyumba ile si miaka ambayo Rukia alipatia. Ni ule mmoja wa mwanzo, kabla hajafungua mdomo, Baba amesimama juu ya kochi, Ami Haroub akiapa kwa mama yake, Anko Kimani akikimbia pale pale aliposimama na soksi zake kutuonyesha kasi ya kijana fulani, jirani akigonga ukuta tunyamaze. Hakuna aliyejua lolote, na wote walikosea. Sijakaa tena na watu waliokosea kwa furaha namna ile.