Gari Halijawashwa, Mtoto Keshatapika

Gari lilikuwa limesimama. Hilo ndilo lililonishangaza kuliko yote. Funguo bado zilikuwa mkononi mwa mwenye gari, injini baridi, mlango wa upande wangu haujafungwa, na mwanangu wa miaka sita keshatapika. Uji wote wa asubuhi kaumwaga kwenye kiti cha ngozi cha watu, na gari lenyewe tulikuwa tunalijaribu tu, hatujalinunua.

Mwenye gari alikuwa jirani yetu wa mtaa wa pili, Mhindi muuza vitambaa, mtu mpole asiyegusa nyama wala kupaza sauti. "Hapana neno, mama," akaniambia. "Mtoto ni mtoto." Lakini nilimwona mkewe dirishani ghorofani, kashika mdomo, nikatamani ardhi inimeze. Mume wangu akanigeukia. "Huyu mtoto wako!" Akitapika ni wangu. Akishika namba ya kwanza shuleni ni wake.

Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini, tukikaa Kariakoo, vyumba viwili vya kupanga na duka la jumla linalotazama Mtaa wa Msimbazi. Sisi ni watu wa Kilimanjaro. Mume wangu aliuza vitunguu, maharage na viazi kwa gunia, na biashara ilimkubali mpaka watu wakaanza kumuuliza gari atanunua lini. Yeye alitaka gari la kubebea vitunguu. Mimi nilitaka gari la kunifikisha kwa binti yangu.

Binti yetu wa kwanza tulimwacha mlimani kwa mama mkwe. Mama mkwe alikuwa amefiwa na mumewe, nyumba imempwaya, akaomba mjukuu wa kukaa naye, na kwetu bibi akiomba mjukuu hanyimwi. Tulikwenda na gari la kuazima, tukarudi bila yeye. Nilijua ni desturi, mimi mwenyewe nililelewa hivyo, lakini kujua ni kitu kimoja na kuamka asubuhi ukakuta mkeka wake umekunjwa ni kitu kingine. Tangu siku ile sikuwa nimemtia machoni.

Tulijaribu mara moja kwenda kumwona kwa basi. Basi lilikuwa limeshona, watu wamesimama, utingo anapiga kelele kuwa hakuna tena pa kuweka mguu. Mwanangu akaanza kutapika hata mji hatujauacha. Kufika Chalinze hata maji hayakai tumboni, macho yameingia ndani, dereva akasema yeye hataki mtoto afie ndani ya basi lake. Akatuteremsha. Tukarudi Dar es Salaam nyuma ya lori lililokuwa limeshusha mzigo, tunarushwa kama mahindi kwenye ungo, vumbi mpaka kwenye kope. Na huko nyuma ya lori, jamani, yule mtoto hakutapika hata tone! Aliomba muwa.

Mume wangu akakata shauri. "Mama watoto, hakuna kwenda mlimani mpaka tupate gari linaloelewana na tumbo la huyu bwana." Kwa hiyo ikawa hivyo. Kumwona binti yangu kukategemea tumbo la mdogo wake.

Ushauri nilipewa mwingi. Mama wa Kizaramo tuliyekuwa tunachangia naye ua akasema nimnusishe limau. Mwingine akasema atafune tangawizi. Mwingine akaapa kwa jina la Mungu kwamba mtoto akikalia gazeti hatapiki. Siku ile kwa jirani Mhindi mtoto alikuwa na limau mkononi, tangawizi mdomoni na gazeti chini ya makalio. Gazeti nalo tukalitupa.

Baada ya hapo tukasikia kuna gari refu jeusi Ilala, kwa fundi mmoja, limeachwa na Mzungu aliyerudi kwao. Mwanangu alilipenda tangu mbali. Akapanda mwenyewe, akakaa nyuma na mdogo wake, mtoto wetu wa mwisho, mimi pembeni yao, mume wangu mbele na fundi. Tukaenda mpaka Magomeni tukarudi. Mtoto anaimba! Anauliza kwa nini taa za gari ni mbili na jua ni moja. Nikamgusa mume wangu bega. "Baba watoto, gari tumepata."

"Ngoja kwanza nione kama linabeba," akasema. Mfanyabiashara huyo. Akachukua gunia la vitunguu alilokuja nalo makusudi, akalisukuma kiti cha nyuma, karibu na mtoto. Mtoto akalitazama lile gunia. Akanitazama mimi. Kisha akatapika.

"Harufu ya vitunguu hiyo," akasema fundi, anatafuta tambara.

Nikakubali. Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani kichwa kilikuwa kinaniwanga. Vitunguu? Mtoto huyu kazaliwa juu ya vitunguu. Alijifunza kutambaa kati ya magunia, usingizi wa mchana alilala juu yake, na akicheza dukani magunia ndiyo nyumba yake. Kesho yake nikamkalisha kwenye benchi la duka, gunia la vitunguu huku, gunia la vitunguu huku, nikakaa nikimtazama. Akaniuliza kama nimepotelewa na kitu.

Mimi nina ubishi, kitu kikinikwama siachi. Nikamng'ang'ania mume wangu turudi Ilala, safari hii na gunia la unga. Unga hauna harufu. Tukazunguka kwanza na gari tupu, mtoto mzima kabisa, anacheka. Tukapakia unga, na gari bado halijaondoka, akapauka uso. Nikamshusha mbio. Mume wangu akasema basi ni ugonjwa wa magunia, akacheka peke yake.

Mimi sikucheka. Dukani na gunia, hatapiki. Garini bila gunia, hatapiki. Gunia likiingia garini, anatapika, hata gari likiwa limesimama. Na kwenye gari la jirani yetu? Nikakumbuka. Kumbe siku ile nayo mume wangu alikuwa ameanza kwa kupakia gunia, kabla hata ya kuuliza bei.

Jioni nilikuwa uani nafua shati la mwanangu. Yeye kachuchumaa mbele yangu anapuliza mapovu ya sabuni. Nikaacha kumuuliza anaumwa wapi, maana hilo nimeliuliza mpaka limechakaa. Nikamuuliza, "Hebu niambie, gunia limekukosea nini?"

Akapuliza povu jingine. "Gunia likipanda," akasema, "nani anashuka?"

"Hashuki mtu, baba."

"Dada alishuka."

Mikono yangu ikasimama ndani ya karai. Akanieleza kama anavyoeleza habari za mpira. Siku ile ya kuondoka mlimani, mimi nilikuwa ndani naagana na mama mkwe, namfunga yule wa mwisho mgongoni. Nje, baba yao anapakia mikungu ya ndizi tuliyopewa. Dada yake alikuwa amekwisha kupanda. Alikuwa amekaa, viatu kavaa. Ndizi zilipofika kiti cha nyuma baba akamwambia ashuke, gari limejaa, atakuja safari nyingine. Akashuka. Ndizi zikakaa pale.

"Na mimi nilikuwa nimebanwa mlangoni," mwanangu akasema. "Ungeongezwa mkungu mmoja tu, ningeshuka na mimi."

Loo! Nilidhani mama mkwe alimweleza binti yangu usiku wa kuamkia safari kwamba atabaki. Mama mkwe, nilikuja kujua baadaye, alidhani tumemweleza sisi. Kumbe hakuna aliyemwambia kitu, na aliyemwambia alimwambia uongo. Na huyu mdogo wake akabaki anajua jambo moja tu kuhusu magari, kwamba likijaa mtoto anateremshwa na kuachwa.

Sikusubiri hata kukausha mikono. Nikaenda dukani na mapovu yangu, nikamjia juu mume wangu mbele ya wateja. Anapima maharage. "Ulimwambia mtoto gari limejaa?"

Akajua papo hapo ninasema nini. Akaweka kibaba chini. "Nilitaka asilie," akasema.

"Akalia?"

"Hakulia."

"Ukaona umefanya la maana!"

Mteja mmoja akajifanya anachagua dengu. Mume wangu si mtu mbaya, na nilimpenda, lakini siku ile nilimtamkia maneno ambayo dengu zenyewe zilitaka kuondoka. Yeye alinywea tu. Aliponijibu, ilikuwa ni kwa sauti ndogo: "Mama watoto, mimi nilikuwa nimegeuka naangalia matairi. Sikutaka kumwona usoni." Hapo hasira ikanipungua kidogo, ikaja huzuni, na huzuni ile ikanichosha zaidi.

Hatukuzungumza tena habari ya gari jeusi. Baada ya siku kadhaa akaja na jingine, boksibodi, lile gari ambalo nyuma yake ni sanduku kubwa la mbao. Halikuwa zuri. Rangi imebabuka, mlango mmoja unafungwa kwa kuubamiza. Lakini kati ya viti na sehemu ya mizigo palikuwa na ubao, umepigiliwa toka chini mpaka juu. Mume wangu hakumsukuma mtu wala gunia. Akamwita mwanawe, akamwambia, "Likague."

Mtoto akaingia. Akagonga ubao. Akapenyeza mkono pembeni, mkono ukakataa. "Gunia haliwezi kupita hapa?"

"Haliwezi."

"Hata mkungu wa ndizi?"

"Hata mkungu."

Akazunguka nyuma, akatutaka tupakie magunia yote tunayotaka. Tukapakia. Akarudi kukaa kiti cha nyuma na mdogo wake, akapima kwa kiganja nafasi iliyobaki kati yake na mlango, mimi nimeshika ndoo chini ya kanga. Kisha akasema anataka andazi. Gari likanunuliwa kwa andazi lile. Jirani yetu Mhindi alipoliona akalizunguka mara mbili, akatafuta la kusifu, akasifu honi.

Krismasi ile tukapanda mlimani. Njia nzima mtoto anakula na kuuliza. Nani anaipanga mikonge mistari namna ile? Mlima ukitembea nasi, unatembea na nani mwingine? Tulilala Korogwe kwa jamaa, asubuhi tukaendelea, na ndoo niliyoibeba ikaishia kubebea machungwa.

Binti yangu alikuwa anatoka kuchota maji. Amerefuka, shingo imekuwa ndefu kama ya baba yake. Akatua ndoo taratibu, akaja, akapiga goti. "Shikamoo baba. Shikamoo mama." Vile vile unavyowaamkia wageni. Nikaitika marahaba.

Mdogo wake hakuwa na habari na mambo hayo. Akamshika mkono, akamvuta mpaka kwenye gari. "Dada njoo uone! Safari hii nafasi ipo!"

Binti yangu akachungulia ndani. Akatazama kiti, akatazama ubao. "Hata safari ile ilikuwepo," akasema, wala hakukasirika. "Ilikaliwa na ndizi."

Mama mkwe alikuwa mlangoni, kasikia yote. Akamgeukia mwanawe. "Mlimwambia nini mtoto?" Mume wangu akavua kofia. Akasema, maneno yote, bila kupunguza. Yule mama akamtazama mwanawe kama anayemtafuta mtu mwingine nyuma yake. "Mimi niliomba mjukuu," akasema. "Sikuomba mnidanganyie mtoto. Nimekaa naye muda wote huu najiuliza kwa nini kila likisikika gari anakimbilia barabarani, kumbe anasubiri safari nyingine!" Akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na nguo za mjukuu wake zimekunjwa, na hata sikukuu yenyewe ilikuwa bado.

Tulikaa mpaka sikukuu zikaisha, kisha tukateremka naye. Bibi yake alisimama kibarazani mpaka kona ikamficha, na binti yangu aligeuka akamwangalia mpaka shingo ikamwuma. Tulipopita Same mdogo wake alikuwa amelala mapajani mwake, mdomo wazi. Nikaona nisipolisema sasa sitalisema tena. Nikageuka, nikamwambia yote kama yalivyokuwa: bibi alikuwa mpweke, alikuomba wewe, sisi tukakubali, gari halikujaa. Mume wangu akashika usukani kwa mikono miwili.

Binti yangu alinisikiliza mpaka mwisho. Akamfuta mdogo wake mate kwa ncha ya gauni.

"Mngeniambia tu, mama," akasema. "Ningekubali."