Unga Mweupe Juu ya Kamba ya Tumbaku

Mwanangu, katika siku nyingi ambazo kumbukumbu yangu imeziacha zipotee, ipo moja iliyokataa kuondoka. Ilikuwa siku ya kiangazi, hapa hapa Juru, maharage yameanikwa uani, na wageni wameketi juu ya mabenchi tuliyoyaazima kanisani. Wote walikuwa wakimtazama bibi yangu akikata kamba ya tumbaku kwa kisu kidogo. Wageni hao walikuwa wamekuja kuniposa, na jibu lao lilikuwa ndani ya kamba ile.

Usishangae. Nyumba yetu ilikuja katika kambi hii ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, kutoka Kivu ya Kusini na mizigo michache, lakini desturi haina uzito begani, na hii tulikuja nayo. Kwetu maneno ya posa hayaanzi mpaka mkubwa wa nyumba avute tumbaku ya waposaji mbele ya watu wote. Ikiwaka vizuri, watu husema lililowaleta. Ikikataa kuwaka, wageni hulishwa, hushukuriwa, husindikizwa kwa heshima mpaka njiani, wala hakuna anayetaja ndoa tena. Wazee walisema kwamba asiyejua kuchagua kitu cha kumpa mtu mzima hatajua kuchagua neno la kumwambia mke.

Wala haikuwa tumbaku ya kuokotwa popote. Koko, ndivyo tulivyomwita bibi, alipenda jani la Virginia, lile linalokaushwa likawa la manjano na lenye utamu wa asili. Jani hilo husokotwa kwa mikono lingali na unyevu kidogo, hukazwa mpaka liwe kamba nene kama kidole gumba, kisha hubanwa na kulazwa mahali pakavu. Kadiri linavyolala ndivyo linavyogeuka jeusi, na ukali wake kupoa. Haya nayajua leo. Siku zile sikuyajua, ingawa nililelewa ndani ya moshi wa kiko, kwa maana kukaa karibu na jiko si kujua kupika.

Kijana aliyenitaka aliitwa Deo, Mrundi, mkamuaji wa ng'ombe katika shamba moja huko Kakiika, pembezoni mwa Mbarara. Jioni ya kuamkia posa alipita nyumbani akaniachia kamba yake ya tumbaku, imefungwa katika majani makavu ya mgomba, kwa kuwa alikofikia palikuwa na unyevu.

"Niwekee pakavu, Furaha," akaniambia. "Usiifungue."

Nikaifungua.

Mwanangu, moyo wangu ulianguka. Kamba ilikuwa nyeusi, imefifia, haina mng'ao wowote, na juu yake umetanda unga mweupe, kama sakafu ya mashine ya kusagia mahindi. Nikasema moyoni: huu ni ukungu. Maskini Deo ameuziwa tumbaku iliyooza, na kesho Koko atawapa wali na kwaheri. Nilimpenda kijana yule kwa namna ambayo sitaieleza hapa, maana na wewe una macho. Basi nikachukua kitambaa kibichi nikaupangusa unga wote. Nilipoona kamba bado imenuna, nikachovya kidole katika mawese ya mama, nikaipaka na kuisugua mpaka ikang'aa kama kiatu cha mchungaji siku ya Pasaka. Nikalala kwa furaha, nikijiona nimeokoa ndoa yangu.

Asubuhi baba mkubwa wa Deo, Muzee Pasikali, akafungua kifurushi mbele ya Koko. Deo akaitazama kamba, akanitazama mimi niliyesimama mlangoni na sinia, kisha akatazama chini.

Koko akakata, akashindilia kiko chake cha udongo, akaweka kaa la moto juu yake na kuvuta. Tumbaku ikalia chwaa, kama mboga iliyotiwa kwenye mafuta. Akavuta tena. Ikatoa moshi mwembamba wenye harufu ya chakula cha mchana, ikazimika. Akakitoa kiko mdomoni, akakitazama kwa muda.

"Tangu lini," akauliza taratibu, kwa Kiswahili chake cha Kivu, "batu ba Mbarara banapikaka tumbako na mawese?"

Majirani wakaangua kicheko. Muzee Pasikali hakucheka. "Mukecuru," akasema kwa unyenyekevu, yaani bibi kizee kwa Kirundi, "tusamehe. Huyu kijana ni wa ng'ombe. Tumbaku hajazoea."

"Sijasema ni mubaya, muzee. Nimesema imepikwa." Akamgeukia Deo. "Weye mukwe, ni weye njo ulipaka hii mafuta?"

"Koko, kamba imetoka kwangu," Deo akajibu. "Kama ina kosa, ni langu."

"Sikuuliza imetoka kwa nani. Niliuliza mafuta."

Deo akanyamaza. Koko akatikisa kichwa, na wakati ule sikujua kama anakubali au anakataa. Kisha akanyoosha mkono kuelekea mlangoni. "Furaha, leta vidole."

Nilikwenda, mwanangu, kama mbuzi anayekokotwa kuvushwa mto. Koko akavinusa vidole vyangu kimoja kimoja, mbele ya ukoo wangu na ukoo wa watu, akafika kwenye cha shahada akatua hapo. "Njo huyu mupishi," akasema, yaani mpishi ndiye huyu.

Uwanja mzima ulicheka, hata mama aliyekuwa jikoni. Lakini kicheko hakiwashi tumbaku. Desturi ilikuwa imesema neno lake, na Muzee Pasikali, mtu wa adabu, akachukua kofia yake na kuanza kuinuka.

"Kaa, muzee," Koko akamwambia. "Kamba haiko ganda tu."

Akaishika kamba ncha mbili, akaisokotoa kwa utaratibu kinyume cha alivyoisokota fundi. Majani yakaachana, na katika mifereji ya ndani, mahali ambapo kitambaa changu hakikufika, unga mweupe ulikuwa bado umelala. Jua likaupiga ukametameta. Koko akaniita niinamie, nione na ninuse.

"Ukungu uko na manyoya," akasema, "na unanuka nyumba yenye ilifungwa siku mingi. Hii haina manyoya. Inang'aa kama chumvi, na inanuka nini?"

Nikanusa. "Matunda makavu, Koko. Na majani ya kukata, yaliyokauka."

"Hii ni utamu wa jani. Unatokaka ndani wenyewe, kama umelala sana. Haupakwe. Haununuliwe." Kisha akamtazama Deo kwa macho mapya. "Hii kamba haikununuliwa juzi. Uliipata fasi gani, na ni lini?"

Deo akaona haya kuliko mimi. "Nyamityobora, Koko, kwa muzee mmoja anayesokota. Ni tangu mavuno ya mahindi ya mwaka jana. Siku ile nilipomwona Furaha mara ya kwanza sokoni, nilirudi Mbarara nikainunua. Muzee akaniambia niilaze, nisiiguse."

"Mwaka jana?" Muzee Pasikali akageuka. "Na mimi baba yako umeniambia juzi?"

Kicheko cha mara hii kilimkumba hata yeye, akairudisha kofia gotini.

Koko hakuwa na haraka. Alilikwangua ganda nililoliharibu, akakata kiini vipande vyembamba kama sarafu, akavifikicha kiganjani na kuvitandaza juu ya ungo kando ya maharage, jua livikaushe. Tukala, tukanywa, tukasubiri. Vilipoacha kunata vidoleni, akajaza kiko bila kukaza. Akawasha, akaacha kizimike, akabonyeza kwa kidole gumba, akawasha tena. Hakuvuta kwa nguvu, kwa sababu Virginia ikivutwa kwa pupa huunguza ulimi. Aliionja kama mtu anywavyo uji wa moto, kidogo kidogo, na baina ya mvuto na mvuto akasikiliza. Uani pakanukia mkate. Kiko kikaungua mpaka chini, kikaacha jivu jeupe na kavu.

"Haya," akasema Koko, "semeni sasa maneno yenye iliwaleta."

Jioni, wageni walipokwisha kwenda na siku ya harusi kutajwa, aliniketisha kando yake. Nilingoja kukaripiwa. Aliniambia neno moja tu: "Mutoto wangu, uliona subira ya mutu, ukasema ni uchafu, ukaipangusa."

Kiko kile sasa ni changu. Nakitia moto mara chache, Jumapili baada ya ibada, na nikikohoa wajukuu hunicheka. Wewe ambaye hujaanza, usianze kwa ajili yangu. Deo naye, kila nipikapo kwa mawese, huchungulia jikoni akauliza kama leo ni chakula au ni tumbaku.

Basi sikia, mwanangu. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, nawe huyasikia hayo kila siku kuhusu vitu vinavyong'aa. Mimi nakuomba uyasikie pia kuhusu vitu vilivyofifia. Mtu asiye na mng'ao, aliyekuja na vumbi lake, usikimbilie kumpangusa wala kumpaka rangi upendayo. Huenda lile unaloliona doa ndilo shahidi wake. Sokotoa kwanza, utazame mifereji ya ndani. Nusa kabla hujasema. Na ukimpata, usimvute kwa pupa. Akizimika, usimtupe, bonyeza kidogo, uwashe tena, kwa kuwa hakuna moto wa nyumba uliowahi kuwaka mara moja tu. Na akikufunikia kosa mbele za watu kwa kimya chake, kama Deo alivyonifunikia langu, usikisahau kimya hicho uzeeni.

Mola akujalie pua isiyodanganywa na mafuta. Akupe mtu aliyeanza kukungoja kabla hujamjua, na siku za kutosha za kulala pamoja pakavu, mpaka utamu wenu utoke ndani wenyewe, mweupe, waje wajukuu wadhani ni vumbi.