Tenga Lililobaki Madhabahuni

Ipo Jumapili moja ambayo haijawahi kunitoka, mwanangu. Ilikuwa sikukuu ya mavuno katika kanisa letu la Kilutheri, huku milimani juu ya Lushoto, na ukungu ulikuwa mzito hata waliokaa karibu na mlango walijifunika kanga mbili mbili. Nilikuwa msichana mkubwa, mwimbaji wa kwaya. Usinicheke, sauti hii inayokwaruza leo ilikuwa ikisikika mpaka barabarani.

Baba yangu alileta tenga la makabichi na mapeasi. Lakini kila mtu kanisani alijua kwamba hasemezani na mdogo wake. Baba mdogo alikuwa amemfungia maji ya mfereji siku ya zamu ya baba kumwagilia, wakati wa jua kali, na miche ya kwanza yote ikakauka. Baba akamfuata sokoni, akamwambia mbele ya watu kwamba yeye si mtoto wa baba yao. Neno hilo halisemwi, mwanangu, maana linamtukana mama aliyewazaa. Tangu hapo baba mdogo hakukanyaga kanisani, na baba aliapa kwamba hatavuka kijito kwenda kwake mpaka anakufa.

Mchungaji siku ile alihubiri jinsi Yesu alivyoagiza, kwamba ukileta sadaka yako ukakumbuka ndugu yako ana jambo juu yako, uiache hapo, uende kwanza mkapatane. Neno hilo tulikuwa tumelisikia mara nyingi, tukasema amina na kwenda nyumbani kula. Zamu ya baba kutoa ikafika. Alilitua tenga mbele ya madhabahu, akasimama kidogo. Kisha hakurudi kwenye benchi lake. Alipita katikati yetu bila kumtazama mtu, akatoka nje.

Kwaya ilinyamaza katikati ya ubeti. Mama aliniangalia, nikaona anaogopa kile kile nilichokiogopa mimi, kwamba baba amekwenda kupigana. Mimi na mama tulimfuata mbio kwenye njia yenye utelezi, tukashuka matuta ya maharage mpaka kijitoni. Alikuwa ameshavuka.

Tulimkuta amesimama uani kwa baba mdogo, na baba mdogo alikuwa akipasua kuni, shoka mkononi. Hakumwamkia kaka yake. Baba akavua kofia, akachuchumaa pale kwenye vibanzi vya kuni, yeye mkubwa mbele ya mdogo. Baba yangu alikuwa mtu wa majivuno, nakwambia ukweli, na mama alishika mdomo kwa mshangao.

"Mdogo wangu, nimekuja kuomba radhi," baba alisema. "Nilikuvunjia heshima mbele ya watu, nikamtukana na mama yetu aliye kaburini."

"Na maji je? Si mimi niliyekufungia maji?"

"Hayo ya maji utasema na Mungu. Mimi nimetumwa kwa haya yangu."

Baba mdogo akaliweka shoka chini taratibu.

"Shikamoo, kaka."

Baba aliitikia marahaba huku analia. Nilikuwa nimemwimba Mungu tangu utotoni, lakini sikujua kama anaweza kuwa karibu kiasi kile, uani kwa mtu, kati ya kuku na kuni. Nilijikuta nimevua viatu, kama mtu aliyesimama mahali patakatifu, na sikumbuki nilivivua saa ngapi.

Tulirudi sote wanne, tukidhani watu wameshatoka nje kwenda kwenye mnada wa kuuza sadaka za mavuno. Hakuna aliyetoka. Mchungaji alikuwa amekaa benchi la mbele, anasubiri, na tenga lilikuwa pale pale lilipoachwa. Ndugu wale wawili walilishika huku na huku, wakaliinua, wakalitoa upya. Hakuna aliyepiga makofi. Tuliambiwa tuimbe, na kwaya nzima tukashindwa.

Maji, baba mdogo aliyafungulia mwenyewe jioni ile. Lakini baba hakulijua hilo wakati anatoka kanisani, na ndilo ninalotaka ulishike. Alitii akiwa hajaahidiwa chochote, na akiwa bado ana uchungu wa miche yake. Angengoja uchungu uishe ndipo aende, nadhani angekufa hajaenda.

Sasa wewe Jumapili hii unambatizisha mtoto wako, na dada yako kule Mnazi, chini tambarare, hujamwambia. Najua alikukosea, na hilo sikuulizi. Nakuuliza ulichomwambia wewe, maana nilikuwepo na nilikisikia. Usimtumie ujumbe wa simu kama mnavyofanya siku hizi. Panda gari, ushuke Mnazi, umwombe radhi kwa lako, na la kwake umwachie Mungu. Ukichelewa, mchungaji atakungoja. Na asipongoja yeye, nitakaa mimi benchi la mbele na mtoto mapajani, mpaka nikuone unaingia na dada yako.

Haya, nenda, mwanangu. Mungu aliyemwinua baba yangu siku ile akuinue na wewe, akulainishie ulimi wako na moyo wa dada yako, na mtoto huyu akue akiwaona nyinyi wawili mmekaa pamoja. Amina.