Furushi la Zuhura

Leo nimefukuza mke mbele ya watu, na mama yangu mzazi akaingilia.

Tulikuwa hapa Ruangwa, tunarudia igizo la nyimbo ambalo mama aliliimba ujanani. Mume anauza korosho, hela zinamlewesha, anamtimua mke aliyepalilia shamba naye.
Mume ni mimi. Mke ni Zuhura.

Ukumbi wenyewe darasa tu. Tunagusana magoti na watazamaji jamani!

Nikatupa furushi la Zuhura nje. Akaanza wimbo wa kuondoka.
Kina mama watazamaji wakainuka kumtunza, kila mmoja akimvika khanga yake. Mke niliyemfukuza na furushi tu sasa kapendeza kama bibi harusi 😂

Ndipo mama yangu akainuka. Akaokota furushi, akanikabidhi.
"Rudisha ndani."

Kwenye igizo hakuna maneno hayo!
Nikarudisha. Vigelegele hivyo, sijawahi kusikia.

Mwalimu wa fasihi tuliyemwalika atukosoe akalalamika, "Mama, umeharibu mwisho."
Mama akajifunga khanga vizuri.
"Ule wa zamani niliuimba mimi, mwalimu. Sikuupenda hata siku moja."

Majirani zetu wa Nachingwea, ingekuwa kwenu mngetaka mwisho upi?
Jibuni kwa adabu. Mama anasoma hapa.