Nilizama kwa redio siku ya kumuomba Mwende

Niaje wakuu. Nawapa ukweli mtupu leo, na mashahidi ninao, nyumba nzima.

Juzi mtu aliuliza hapa "kuzama" ni nini, mkamwambia eti ni kuzubaa.

Zii! Mtu amezubaa, akili yake haiko popote. Mtu amezama, akili yake yote iko mahali pamoja, hata ukimwita jina hasikii.

Sasa sikieni.

Mimi ni fundi wa redio na TV, niko na kaduka Hurlingham. Siku hiyo tulienda Mountain View kwa kina Mwende kuomba bibi. Wao ni Wakamba, mimi Mluhya.

Mnajua vile hiyo siku huenda. Mwenye kuoa haongei. Mjomba wako ndiye anaongea, wewe unakaa tu na suti yako ukitoa jasho.

Kwa meza kando yangu kulikuwa na redio ya zamani ya baba Mwende. Kifuniko imefungwa na rubber band. Wakuu, mimi nikiona kitu kama hiyo mkono inawasha.

Nikaigeuza. Nikaona waya imekatika. Nikatoa bisibisi. (Ndio, nilibeba bisibisi kwa suti. Msinicheke.)

Basi nikazama. Mjomba aliongea, watu wakaomba, watu wakaimba. Sikusikia kitu.

Mara napigwa kiwiko. "Wewe! Simama uchague!"

Kuinua macho, naona wanawake wanne wamefunikwa leso kutoka kichwa mpaka vidole. Natakiwa kumtambua Mwende. Tulikuwa tumepanga atakohoa mara tatu, na alikohoa akachoka, mimi niko kwa waya.

Nikakimbilia wa pili. Nikafunua leso.

Nyanya yake, shosho mwenyewe!

"Kumbe bado naolewa!" shosho akasema, na nyumba ikaangua kicheko.

Lakini Mzee, baba Mwende, hakucheka. "Kijana, umekuja kuoa ama kutengeneza redio?"

Nikasikia mtu analia chini ya leso ya mwisho. Nilimjua kwa hicho kilio, na niliogopa sana. Niliona nimempoteza hivyo tu.

Mjomba akaanza kuomba msamaha. Mzee akamnyamazisha. "Nataka huyu mwenyewe. Niambie, msichana wangu ni nani?"

Nikaanza kwa kigugumizi. Vile Mwende hucheka kabla amalize stori yake mwenyewe. Vile huficha mandazi kwa handbag ya kanisa. Vile nililazwa na typhoid akakuja kila jioni kunisomea matokeo ya mpira, na mpira hapendi hata kidogo.

Sijui niliongea muda gani. Kushtuka, mjomba amesinzia, chai imepoa, na Mwende alitoa leso kitambo, anafuta machozi huku anacheka.

Mzee akamgeukia mkewe.

"Mama Mwende, kwa redio huyu alikuwa anapumzika tu. Hapa ndio amezama. Pakua chakula."

Wacha nyumba ipige vigelegele! Mimi nililia bila aibu.

Nilichojifunza ni hiki: kuzama sio makosa, angalia tu ni wapi. Na kama huwezi kuongea juu ya mtu mpaka chai yako ipoe, ngoja kwanza, usitume wazee kwao.

Haya, nani mwingine amewahi kuzama mahali hakufaa? Mwageni hapo chini, na wale wa kunicheka anzeni.